Tanzania: Ada imefutwa, ukuta wa lugha umebaki

Tangu Januari 2016, mwanafunzi wa shule ya serikali nchini Tanzania halipi ada kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Hata hivyo, watoto wa wenye nacho na wa wasio nacho bado hawaketi darasa moja, na lugha ni miongoni mwa yanayowatenga.

Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Zile binafsi za mchepuo wa Kiingereza hutoza ada ambayo mkulima mdogo au mama lishe ni nadra kuimudu. Athari yake hudhihirika kidato cha kwanza, pale karibu masomo yote yanapogeuka kuwa ya Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akieleza vyema usanisinuru hunyamaza. Si kwamba hajui, bali hana maneno. Kisha mtihani wa kidato cha nne humpima kwa karatasi ileile anayopewa mwenzake wa shule binafsi.

Baadhi ya halmashauri nazo zimeanzisha shule za umma za mchepuo wa Kiingereza, zenye ada. Yaani kile ambacho shule ya kawaida ya serikali haitoi, huuzwa na mamlaka zilezile zinazoisimamia.