Lakiri haijaguswa, lakini daftari la mizani liko wazi

BUJUMBURA – Mwagizaji wa Gihosha anayepitisha mzigo Dar es Salaam hupatana bei na wakala wake kwa WhatsApp, akiamini hakuna mtu wa tatu anayesoma. Hapo hajakosea. Tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa ufunguo walio nao wanaowasiliana tu.

Tatizo liko nje ya ujumbe. Kontena linaweza kufika Kobero na lakiri yake nzima, ilhali kila mizani njiani imeandika namba ya gari, saa na uelekeo. Simu nayo ina daftari lake, linaloitwa metadata: nani kamwandikia nani, lini, mara ngapi, kutoka anwani gani ya intaneti. Mtu akiona kwamba usiku mmoja mwagizaji huyo amewasiliana na wakala, mwenye malori na muuza dola, hahitaji kusoma hata neno moja. Ameshajua mzigo unakuja na fedha za kigeni zinatafutwa. Katika nchi yenye uhaba wa dola kama Burundi, habari hiyo ina bei.

Aidha, katika makundi ya kawaida ya WhatsApp (na ni dereva gani asiye na kundi?) namba ya kila mmoja huonekana na wote.

Kinga iliyo bora ni kutoandika daftari kabisa. Mwaka 2016 Signal ilipotakiwa kisheria nchini Marekani kutoa taarifa za mteja, ilikuwa na tarehe mbili tu: siku akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho kuunganishwa. Tangu 2024 mtumiaji anaweza kuwaficha wenzake namba yake, ingawa bado huitumia kujiandikisha.

SimpleX, isiyo na kituo kimoja kikuu, haitaki namba wala jina la akaunti. Kila unayewasiliana naye hupewa njia yake. Hata hivyo, simu ikiibwa bila nakala ya akiba, wateja wote wamepotea. Kwa mfanyabiashara hiyo si hasara ndogo.

Briar hupitia mtandao wa Tor, au Bluetooth intaneti inapokatika. Jambo hilo si geni hapa: Burundi ilizuia mitandao ya kijamii Aprili 2015 na siku ya uchaguzi, Mei 20, 2020. Tanzania ilikata intaneti Oktoba 29, 2025, na huko ndiko bandari iliko. Lakini Bluetooth huishia mita chache. Itasaidia ndani ya soko, haitafika Dar es Salaam.

Na hata aliyehamia huko kote, akimlipa dereva kwa Lumicash, jina, namba, kiasi na saa vimeandikwa upya kwenye daftari jingine. Kwa hiyo programu hizi zinafaa zaidi wakati wa kupatana bei kuliko wakati wa kulipa.