NIITENI MSHAMBA

Ndugu msomaji, nina ugomvi na neno moja. Neno lenyewe ni "mshamba". Tumekua nalo mdomoni kama pipi. Mtu akipitiliza kituo cha daladala, mshamba. Akivaa suruali iliyomrukia miguuni, mshamba. Akishangaa lifti, we, mshamba huyo! Hakuna aliyesimama akauliza imekuwaje mtu wa shamba, yule yule anayetulisha mchana na usiku, jina lake tukaligeuza tusi. Mie nami sikuuliza. Nilianza kuuliza mwaka jana, nikiwa na miaka 22, na walionifundisha kuuliza ni malengelenge matano kwenye kiganja cha mkono wa kulia.

Ilikuwa likizo ndefu ya chuo. Wenzangu walipata mahali pa kujishikiza, wengine kwa mjomba, wengine kwa shangazi. Mie sina mjomba ofisini. Msichana ninayelala naye chumba kimoja bwenini, mzaliwa wa Morogoro, akaniambia kuna kikundi cha akina mama chini ya milima ya Uluguru, wana shamba la pamoja la ekari mbili, na wanapokea mtu wa kujitolea. Malipo hakuna. Kuna ugali, mboga na godoro. Nikaenda. Nisijitie uzalendo: sikwenda kwa mapenzi ya ardhi, nilikwenda kukimbia kukaa nyumbani Dar nikiulizwa kila jioni, "Vipi, hujapata kitu?"

Siku ya kwanza niliwaamkia, "Shikamooni." Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote kikundini, akaitikia "Marahaba", akanitazama kuanzia raba zangu nyeupe hadi jembe la kuazima nililolishika kama ufagio, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, umefanya kosa gani?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Alidhani nimeletwa. Tangu lini msomi akashika jembe bila kuwa na kosa?

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Jembe tumelifanya fimbo. Tuseme kweli, nani kati yetu hajalimishwa? Umechelewa namba: kalime. Umeongea Kiswahili mahali pa Kiingereza: kalime. Umepiga kelele darasani: kalime, tena ung'oe na visiki! Shule niliyosoma mie, ambayo siitaji, ilikuwa na shamba la mahindi nyuma ya mabweni. Nimelifyeka miaka minne. Sikuwahi kuambiwa limetoa magunia mangapi, wala mahindi yenyewe yamekwenda tumbo la nani. Aliyefanya vizuri kwenye mtihani alikaa kivulini na daftari, akiandika majina ya wanaotega. Basi somo hilo tulilielewa kuliko Hisabati: mwenye akili halimi, anayelima ni mwenye makosa.

Halafu siku ya mahafali anakuja mgeni rasmi, shingo imekabwa na tai, anatuhubiria kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, vijana rudini shambani. Turudi wapi, mzee? Kule kule mlikokuwa mnatupeleka kutumikia adhabu? Na wanao wewe, wamesharudi?

Wapo watakaosema eti hiyo ndiyo Elimu ya Kujitegemea. Hapana, na ninaomba tusimsingizie marehemu. Mwalimu Nyerere aliitoa hati ile Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha. Alitaka shule ziwe na mashamba, ni kweli. Lakini alitaka pia wanafunzi washiriki kuamua kitakacholimwa, hesabu ziwekwe, na jasho lao walione limegeuka kuwa nafuu katika maisha yao ya shule. Sisi tulichukua jembe, daftari la hesabu tukalitupa.

Na ugonjwa huu ni wa zamani. Neno "shamba la pamoja" katika nchi hii limebeba makovu. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilianzisha mashamba ya pamba ya jumuiya, watu wakalazimishwa kuyalima siku 28 kwa mwaka chini ya macho ya majumbe na maakida, kwa malipo ya dhihaka. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba, ikawa ndiyo hodi ya vita vya Maji Maji. Angalia, ndugu msomaji: hawakuanza na mkuki, walianza kwa kung'oa mmea. Walikuwa wakulima tangu babu na babu, hawakuwa na chuki na udongo. Walichokikataa ni kulima bila hiari na bila haki.

Nusu karne baadaye, kwenye milima hii hii ya Uluguru, Waingereza wakaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Mmomonyoko upo, sibishi. Lakini ilikuwa amri, na udongo wa juu wenye rutuba ukafukiwa, ukabaki ule wa chini usioshibisha hata magugu. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, na ulazima ukaachwa. Tukapata uhuru mwaka 1961, tukawa na bendera yetu, lakini fimbo hatukuitupa. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya Nguvu Kazi: wasio na kazi wakakamatwa mijini, wakapakiwa kwenye magari kupelekwa mashambani. Kwa maneno mengine taifa zima lilimwambia kijana kile kile alichoambiwa na kiranja: umekosa, kalime.

Sasa nieleze nilichokiona. Akina mama wale wanachimba matuta ya ngazi. Ndiyo, yale yale! Hakuna aliyewaamuru. Wanautenga udongo wa juu pembeni, wanachimba, wanasawazisha, kisha wanaurudisha udongo ule mahali pake, ukingoni wanapanda majani ya ng'ombe yashike ardhi. Nilimuuliza bibi kwa nini wanafanya kazi iliyowafanya wazee wao wagombane na serikali. Akanijibu, "Wale walisimamiwa. Sisi tunakubaliana."

Kila Jumamosi jioni mwenyekiti anafungua daftari la kaunta na kulisoma kwa sauti: nani kalima matuta mangapi, chainizi imeuzwa shilingi ngapi, nauli shilingi ngapi, kilichobaki ni kipi na kiko kwa nani. Anayetaka kubisha anabisha pale pale, na wanabisha kweli kweli, mpaka giza linaingia. Wiki ya pili nilisikia, "Mgeni wetu, matuta sita." Nakwambia, vyeti nimepata, lakini sijawahi kusikia jina langu likinipendeza vile. Miaka minne ya kulimishwa shuleni haijaandikwa popote. Matuta yangu sita yameandikwa.

Na elimu ipo, tena ngumu. Nilijifunza kupanga mboji: majani makavu, majani mabichi, samadi, majivu kidogo, maji, tena na tena, halafu unachomeka mti katikati. Baada ya siku chache ukiuchomoa unaunguza mkono, ndipo unajua lundo liko hai. Nilijifunza kutandaza nyasi ili maji ya asubuhi yafike jioni. Nilijifunza kumjua sota, anayekata mche usiku na kujificha udongoni mchana, na namna ya kumfukua kwa kidole. Kumbe huyu tunayemwita mshamba ana maktaba kichwani, na mie msomi nilikuwa sijui kusoma hata jani.

Lakini nisikimbie hoja ya upande wa pili, maana aliyeitoa ni mama yangu.

Mama analima mchicha bondeni, Dar es Salaam, tangu sijaanza shule. Ada yangu ni mchicha. Daftari zangu, sare, nauli ya chuo, vyote ni mafungu ya mchicha. Na mie mwanawe, kila fomu ya shule iliyouliza kazi ya mzazi, niliandika "mfanyabiashara". Niliporudi mwezi wa tisa alinishika mkono, akaugeuza, akaziona sugu. Akasema: "Mie nimeinama miaka ishirini ili wewe usiiname. Umekwenda kuinama bure?"

Nilinyamaza. Na leo nakiri, nusu ya maneno yake ni kweli tupu. Kujitolea ni anasa ya mwenye mahali pengine pa kula. Mama hawezi kujitolea, akijitolea wiki moja tunalala njaa. Bonde analolima si lake. Masika maji yanalibeba, na siku yoyote anaweza kuambiwa aondoke. Kwa hiyo nisije nikatumiwa kwenye hotuba ya mtu: "Mwoneni binti huyu, kalima likizo nzima bila malipo!" La hasha. Asiye na ardhi, asiye na maji, anayepangiwa bei na mchuuzi, usimwambie apende jembe. Mpe haki yake kwanza. Hata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Waulize akina mama wa kikundi kile ni wangapi majina yao yamo kwenye karatasi.

Nusu ya pili ndiyo ninayoikataa. Mama naye alifundishwa kwamba jembe ni kifungo, na kwa mapenzi yake akaamua kunitumikia kifungo changu. Mie nasema aibu haiko katika kuinama. Aibu ni kuinama kwa amri, kwenye ardhi isiyo yako, bila daftari. Aibu kubwa kuliko zote ni yangu mie, niliyekula jasho la mtu miaka 22 na kulificha kwenye fomu.

Nikaanza bustani uani, kwenye viroba vinne vya sandarusi. Mchicha wa kwanza uliota kwa fujo, kisha ukakauka wote kama umemwagiwa maji ya moto. Mama alikuwa anapita kila siku na ndoo yake hasemi kitu. Siku ya nne akashindwa kuvumilia. Akachota udongo, akaunusa. "Samadi mbichi hii, imeunguza. Huko Morogoro mlikuwa mnacheza?" Akaketi kwenye kigoda, akaanza kunielekeza: samadi ilale kwanza, mbegu ichanganywe na mchanga isirundikane, maji asubuhi na jioni. Baada ya majuma matatu na siku kadhaa tuling'oa fungu la kwanza. Miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kumuuliza mama swali hata moja kuhusu kazi yake. Siku hiyo niliuliza mpaka akaniambia ninyamaze tule.

Basi nina madai. Kwa walimu: liondoeni jembe kwenye orodha ya adhabu, leo. Mpeni kila mwanafunzi tuta lake, achague cha kupanda, ale au auze, na hesabu ya shamba zima ibandikwe ukutani. Kwa wageni rasmi: kabla ya kutuhubiria, mtuonyeshe viganja. Na kwetu sisi vijana tunaojiita waandishi, tunaojaza kurasa kama hizi mashairi ya umande na kijani kibichi cha kijijini: nani kati yetu anajua mchicha unachukua siku ngapi?

Fomu ya mwaka huu ya chuo imeuliza tena kazi ya mzazi. Nimeandika "mkulima", kwa herufi kubwa. Niiteni mshamba.

Naomba kutoa hoja.