Wanaohama juu ya upepo, na wanaohamishwa bila kuuliza upepo

Mu mwezi wa pili, fundi mumoja mugeni, mutu wa Ulaya aliyekuwa anaangalia masini za kusaga mawe mu kampuni moja ya hapa, alimaliza kontra yake. Tuliwaza atarudia kwao. Akatuambia hapana: anahamia Paje, ku kisiwa cha Unguja, kule Zanzibar, yeye na bibi yake na mutoto wao. Tukamuuliza: kuko kazi gani kule? Akajibu: kuko upepo. Siku ile tulicheka sana. Mutu muzima, mukubwa wa kazi, anauza gari na friji juu ya upepo!

Mbele ya kuondoka alituonyesha kaye yake, kaye ya masomo ya kawaida, yenye jasho na mafuta ya masini. Miaka mitatu alikuwa anaandika mule: mwezi fulani upepo unatoka upande gani, unaanza saa ngapi, unakufa saa ngapi, maji yanajaa wakati gani na kukupwa wakati gani. Congé zake tatu alizipeleka kule. Alienda mu mwezi wa kwanza, akarudia mu mwezi wa saba, na mara ya tatu akaenda makusudi mu mwezi wa ine, wakati upepo hauko na mvua inanyesha, apate kuona fasi ile siku zake mbaya. Aliuliza hospitali iko mbali namna gani, maji ya kunywa yanatoka wapi, mutoto atasomea wapi. Kicheko chetu kilikufa pale pale, na tutasema kwa nini.

Kwanza muchezo wenyewe, kwa wale hawajauona. Uko wa namna mbili. Kuko ubao wenye tanga, ile Wafaransa wanaita planche à voile: mutu anasimama juu ya ubao, anashika tanga kwa mikono, upepo unamukimbiza juu ya maji. Ulianza mu miaka ya 1960 kule Marekani, na mwaka 1984 uliingia mu Michezo ya Olimpiki. Kuko tena ule wa kishada: ubao ku miguu, kishada kikubwa mbinguni, kamba katikati. Ndugu wawili wa Bretagne, kule Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, njo waliandikisha mwaka 1984 kishada cha kujazwa hewa kisichozama, na ku Michezo ya 2024 watu walishindana nacho ku Marseille. Hauombi mafuta wala umeme. Unaomba paka upepo, tena upepo wa kweli, kilometre 25 ao 30 kwa saa, usiokatika katika. Njo maana mwenye kuupenda hawezi kuikala kila fasi. Kuko watu wamehamia Tarifa, kule ncha ya Hispania inayotazama Afrika, ao Essaouira mu Maroko, juu ya jambo hili moja.

Paje iko upande wa mashariki ya Unguja, inatazama Bahari ya Hindi. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili ao wa tatu, kaskazi inapiga. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kenda, kusi. Zote mbili zinapiga za upande upande zikielekea inchi kavu, hivi mutu akianguka, upepo unamurudisha ku mchanga, haumupeleki mu bahari kubwa. Mbali kidogo kuko mwamba unaovunja mawimbi, na ndani yake maji ni matulivu na mafupi. Haya yote yule fundi alikuwa ameyaandika. Anayejua kusoma upepo wake anachagua fasi ambayo hata makosa yake hayamuui.

Na pepo zile si za muchezo tu. Kaskazi njo ilileta majahazi ya Waarabu na Wahindi ku pwani ile miaka mingi sana, na kusi njo iliyarudisha kwao. Biashara ile ikapanda bara mpaka Bunkeya kwa Msiri, na lugha ikapanda pamoja nayo. Hata Kiswahili hiki tunachoandika hapa, kwa sehemu yake kimefika kwetu na upepo. Leo shaba yetu inashuka njia ile: kamyo zinatoka hapa, Kasumbalesa, zinakata Zambia mpaka Tunduma, zinafika Dar es Salaam. Kutoka pale kufika Unguja ni karibu saa mbili ya mashua. Shaba inafika ku bahari kila siku. Mwenye kuichimba haendi, lakini hilo ni jambo la siku ingine.

Turudie kwetu. Katika muji huu kuhama ni neno tunalolijua, ila sisi tunasema kudelokalizwa. Kampuni inapata kibali, chini ya kijiji ao kartiye kuko minere, watu wanapaswa kutoka. Sheria ya madini ya tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, na règlement yake ya tarehe 8 mwezi wa sita mwaka ule ule, zinaruhusu jambo hilo na zinaliwekea masharti. Kiambatisho cha 18 chote kinasema juu ya kuhamisha watu, kuwalipa, kuwapa fasi mupya. Tumekisoma mu sindika mara nyingi, kwa sauti, na wenzetu wasiojua Kifaransa wakitafsiriwa. Kinataka watu washirikishwe, na maisha yao ya nyuma yasikuwe mabaya kuliko ya kwanza.

Mwaka uliopita, mu mwezi wa nane, tulienda kutembelea jamaa za wenzetu waliohamishwa juu ya kariere moja. Kampuni hatuitaji, mazungumzo yanaendelea. Nyumba zenyewe ni nzuri, hatutasema uongo: tofali la simenti, bati mupya, mulango wa chuma, pompi ya maji mu barabara. Foto zake tulikuwa tumeziona mu ofisi, zilizopigwa wakati wa mvua, majani ya kijani kila fasi. Tulifika saa nane ya muchana. Kusini-mashariki ya nyumba, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, kuko kilima cha rembale, na upepo wa kipwa ulikuwa unakichota kama unga. Sufuria zilikuwa zimefunikwa sahani, maji yamefunikwa kitambaa, madirisha yamezibwa na mifuko. Mama mumoja alitupa viti, akavipanguza kwanza, tukaikala, na mbele tumalize kusalimia viti vilivyobaki wazi vilikuwa tayari vyeupe. Akatuambia: "Baba, kule kwa zamani batoto balikuwa banakohoa mara moja moja. Huku banalala na kikohozi, banaamuka naye."

Upepo ule haukuanza mwaka jana. Kila mutu wa Lubumbashi anajua kwamba kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kenda upepo mukubwa unatoka kusini-mashariki. Asiyejua aende Penga Penga, ao aende kuangalia udongo upande wa kartiye Gécamines. Usine ya kuyeyusha shaba ilianza kazi mwaka 1911, na moshi wa shimini ukapelekwa kaskazini-magharibi, mwaka kwa mwaka, mpaka miti ya miombo ikakufa na udongo ukabaki wazi. Watu wa Université ya Lubumbashi wamepima mule, wamejaribu chokaa, wamejaribu kupanda majani yanayovumilia shaba. Alama ile inaonekana hata ku foto za satelaiti: ulimi mwekundu unaotoka ku shimini, wenye kuonyesha wazi njia ya upepo. Na muji wa Wazungu wa zamani uko upande gani? Uko mashariki ya shimini. Tusome wenyewe.

Basi hapa njo kaye ya yule fundi inatuuma. Mutu anayehama kwa kuchezea upepo anaupima miaka mitatu. Kampuni inayohamisha kijiji kizima karibu na vumbi lake haipimi hata siku tatu. Ku fasi ile tulikuwa tumeona wapimaji na mita, na GPS, na dron. Walipima parseli, walipima barabara, walipima kina cha kisima. Hakuna aliyeinua kidole mbinguni.

Na sisi? Tulikuwa mule. Sindika ilialikwa kuwa shahidi, tukatia sahihi. Tulibishana siku mbili nzima juu ya bei ya muti wa mwembe na muti wa avoka, tukahesabu bati na milango, tukaomba vyumba vitatu tukapata vitatu, tukarudia nyumbani tukijisifu. Swali la upepo halikutoka mu kinywa cha delege hata mumoja, na wengine wetu tunafanya kazi ku rembale kila siku, tunajua vumbi linaenda wapi kuliko enjinieri yeyote. Kosa lile ni letu, na hatuna mutu wa kulitupia.

Kwa hivi tunasema namna hii, na tunaliandika hapa likae mbele ya watu. Fasi ya kuhamishia watu isichaguliwe mpaka upepo wake umepimwa kipwa kizima, toka mwezi wa tano mpaka wa kenda. Wenye kuhama wapelekwe kuiona mu mwezi wa nane, saa nane ya muchana, si mu mwezi wa pili. Nyumba zisijengwe mu njia ya upepo unaotoka ku rembale, ku shimini ao ku barabara ya kamyo. Na mambo haya yaingie mu mapatano yenye sahihi, pamoja na bati na milango. Bila ukurasa wa upepo, sindika yetu haitatia sahihi tena.

Watatuambia kipwa kizima ni wakati mwingi, pesa zinangoja. Tunawauliza: mbele ya kufungua shimo, munatoboa udongo na kupima minere miaka mingapi? Hatujasikia siku moja mutu akilalamika kwamba sondage ni kupoteza wakati. Ku uwanja wa ndege wa Luano upepo unaangaliwa kila siku, kwa sababu ndege haishuki bila kuujua. Makaratasi ya upepo hayakosi. Yanakosa mutu wa kuyaweka ku meza wakati wa kuchagua fasi.

Kuko tena jambo moja ambalo yule fundi hakuliandika mu kaye yake, na tulimuuliza mbele apande ndege. Kule Paje, maji yakikupwa, wamama wanaingia baharini kulima mwani. Wanapiga vijiti ku mchanga, wanafunga kamba, mwani unaota ku kamba, unauzwa inje ya inchi. Kazi ile ilianza pale na Jambiani mwaka 1989, na wamama wengi wamesomesha watoto nayo. Kamba zao na vishada vya wageni viko mu maji yale yale. Ni kweli kwamba udongo wa Zanzibar ni mali ya serikali na mugeni anapata paka kukodi kwa miaka, lakini fasi ikipendwa na wenye makuta, bei ya kila kitu inapanda kwa mwenyeji pia. Tukamuuliza: wamama wale ulizungumza nao? Alinyamaza kidogo, akasema bado. Hatukumushitaki, alikuwa mutu mwema na sisi. Lakini neno lile "bado" tulilichukua, kwa sababu hata kwetu, fasi wanapoleta watu wapya haikuwa pori tupu. Kuko mashamba ya mihogo ya wengine, kuko njia ya maji ya wengine, na wao pia hawakuulizwa. Ukurasa wa upepo ukijazwa, ukurasa wa wenyeji usibaki mweupe.

Kuko fasi ingine sasa hivi inatafutwa, kwa jamaa karibu mia moja za watu tunaowajua. Safari hii hatukungoja mualiko. Tarehe 1 ya mwezi wa sita tulisimamisha muti mule, na kipande cha kitambaa chekundu juu, na watoto wawili wa masomo, waliolipwa kaye na kalamu, wanaenda kukiangalia mara tatu kwa siku. Kaye ya kwanza iko ofisini kwetu hapa Naviundu, kila mutu anaweza kuja kuisoma, hata wakubwa wa kampuni. Juma la kwanza inasema: asubuhi hakuna upepo, saa nane upepo unatoka ku rembale kwenda ku fasi ya nyumba, saa kumi na mbili unalala.