Tamthilia, Riwaya na Jirani wa Nakuru

Ni jambo lisilopingika kwamba taifa hujengwa pia na hadithi ambazo watu wake huzishiriki. Mjini Nakuru, Mkikuyu, Mkalenjin, Mkisii na Mluhya huketi jioni mbele ya tamthilia ile ile ya runinga. Katika miaka ya 2000 waliwalilia mabibi wa Meksiko waliosemeshwa Kiingereza. Kuanzia 2019 wakamlilia Maria wa Citizen, msichana wa mtaa duni katika jumba la matajiri, ambaye angalau alizungumza Kiswahili, japo chenye sheng tele. Wanaoibeza runinga kwa kuwa si fasihi andishi wamepotoka.

Hata hivyo, umoja huo wa sebuleni haumuulizi mtu alikotoka. Mpaka anaouvuka Maria ni wa mali. Mpaka uliomwaga damu Molo mwaka 1992, Njoro mwaka 1998 na Nakuru kwenyewe Januari 2008, hata uwanja wa maonyesho ya kilimo ukageuka kambi ya waliofurushwa, ni mwingine kabisa: nani mwenyeji, nani mgeni?

Riwaya imethubutu kuliuliza swali hilo. Katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyoanza kutahiniwa katika KCSE mwaka 2018, Ridhaa, aliyedhihakiwa utotoni kuwa mfuata mvua, anateketezewa nyumba na aila baada ya uchaguzi. Nchi inayosimuliwa, Wahafidhina, ni ya kubuni. Msomaji wa Njoro hahitaji ramani.

Ajabu ni jinsi ilivyosomwa. Watahiniwa waliokuwa watoto wadogo mwaka 2008 waliipokea kupitia miongozo: maudhui, tamathali za usemi, sifa na umuhimu wa Ridhaa. Mtoto wa aliyefurushwa na mtoto wa aliyebaki waliweza kuketi dawati moja wakikariri majibu yale yale, bila kutazamana. Walimu, wakiwemo waliofunzwa Egerton papo hapo Njoro, hawakukosa ujuzi. Waliogopa darasa lisije likawagawanyikia mikononi, na hofu hiyo ina msingi. Wazazi wengine hadi leo hawalitaji jambo hilo hata nyumbani. Lakini kipindi kimoja cha dakika 40, miongozo ikiwa imefungwa, kingetosha kuwauliza wanafunzi hao wawili: jirani wa Ridhaa alijiambia nini usiku ule, na asubuhi yake alimsalimu nani?