Chokaa Baharini: Tupime Kwanza

Mwanafunzi wa kemia apulizapo pumzi kwa mrija ndani ya maji ya chokaa, maji hugeuka meupe kama maziwa. Hewa ya ukaa iliyomo katika pumzi imeungana na chokaa na kufanya chembe za kalsiamu kaboneti. Wengi huishia hapo. Lakini anayeendelea kupuliza huona jambo la pili: maji huwa maangavu tena, kwani chembe zile zimeyeyuka na kuwa bikaboneti. Katika hali hiyo kaboni yaweza kukaa baharini maelfu ya miaka.

Juu ya jambo hilo limejengwa pendekezo linalojadiliwa leo katika nchi nyingi: kumwaga chokaa au alkali nyingine katika bahari ya pwani ili maji yavute hewa ya ukaa zaidi kutoka angani. Bahari hupokea karibu robo ya hewa hiyo inayotokana na shughuli za binadamu, na kwa sababu hiyo maji yake yanazidi kuelekea asidi. Watetezi husema alkali ingetibu maradhi mawili kwa dawa moja.

Kemia hiyo ni sahihi, lakini hesabu yake ina mitego. Kwanza, chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe katika joto la nyuzi 900 hivi. Kila tani 56 za chokaa isiyotiwa maji huacha nyuma yake tani 44 za hewa ya ukaa, mbali na moshi wa kuni au makaa. Hewa hiyo isiponaswa tanurini, sehemu kubwa ya faida hupotea kabla mfuko haujafika ufukweni. Pili, chokaa ikizidi mahali pamoja, chembe nyeupe hujitenga tena na kurudisha angani sehemu ya hewa iliyonaswa. Tatu, maji yaliyotiwa alkali huendelea kuvuta hewa kwa miezi mingi, nayo yamekwisha kuchukuliwa na mkondo kwenda mbali. Kiasi kilichovutwa basi hukisiwa kwa kompyuta, na makisio hayo ndiyo yauzwayo kwa fedha. Asiye na vipimo vyake mwenyewe hawezi kumkosoa muuzaji.

Hapo ndipo Dar es Salaam inapohusika. Mto Msimbazi hupita Jangwani, kando ya Kariakoo, ukibeba taka za jiji hadi kwenye mikoko ya Daraja la Selander. Maji hayo hayafanani na yale ya Bongoyo na Mbudya, visiwa vilivyofanywa hifadhi mwaka 1975. Atakayetaka kujua chokaa imebadili nini hana budi kujua kwanza maji yalikuwaje masika na kiangazi, bamvua na maji mafu. Tena samaki wa Feri huishia katika sufuria za mama lishe wa Kariakoo. Hao hawaalikwi katika mikutano ya wataalamu, lakini hasara ikitokea ni yao.

Mwaka 2012 tani zipatazo 100 za salfeti ya chuma zilimwagwa Pasifiki, magharibi ya Kanada, na ubishi ukazuka baadaye. Mwaka 2023 wakazi wa Cornwall, Uingereza, waliandamana kupinga jaribio la alkali katika ghuba ya St Ives. Kuuliza wananchi baada ya uamuzi si kuwauliza.

Wako wasemao tukatae kabisa. Siafikiani nao, maana asiyechunguza atauziwa majibu ya wengine. Ila majaribio yaanzie katika matangi nchi kavu. Vipimo vya mwaka mzima vitangazwe kwanza. Na wavuvi wawe na haki ya kusema hapana. Wakati huo tutunze mikoko, ambayo kazi yake inajulikana: huko Gazi, Kenya, wanakijiji wameuza kaboni ya mikoko yao kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013.

Walimu, shule za Azania na Jangwani haziko mbali na Msimbazi. Kipimo cha pH, chupa safi, glavu na daftari vyatosha kuanza. Taifa lenye daftari la maji yake halitauziwa bahari yake lenyewe.