Kuanzishiwa Uchungu: Urudi Nyumbani au Ulazwe?

Dada mmoja aliyeko Leicester ameniandikia akiwa na wasiwasi. Mimba yake haina tatizo, ila wiki ya 41 inakaribia na mkunga amempangia siku ya kuanzishiwa uchungu. Kilichomtisha ni kuambiwa kwamba akishawekewa dawa anaweza kurudi kulala kwake. Mama yake, kwa simu kutoka Tanga, ameona binti yake anafukuzwa hospitali.

Hafukuzwi. Kuanzishiwa uchungu kuna hatua mbili. Ya kwanza ni kulainisha mlango wa kizazi na kuufungua kidogo, kwa dawa inayowekwa ukeni au kwa mpira mwembamba wenye kiputo kinachojazwa maji. Huweza kuchukua siku nzima au zaidi, na sehemu kubwa ni kungoja tu. Ya pili ni kupasuliwa chupa na kutundikiwa dripu ya kuongeza uchungu. Hiyo hufanyika hospitalini, mapigo ya moyo wa mtoto yakifuatiliwa. Kinachoweza kufanyika nyumbani, basi, ni kule kungoja.

Hapa Uingereza, mwongozo wa NICE unaliruhusu jambo hili kwa mama asiye na ugonjwa wala tatizo la ujauzito. Mapigo ya moyo wa mtoto hupimwa kabla hujaruhusiwa kuondoka. Si kila hospitali ina huduma hii, na njia hutofautiana. Kiputo hakina homoni, kwa hiyo hatari ya tumbo kukaza kupita kiasi ni ndogo kuliko ya dawa. Uliza utawekewa kipi.

Nyumbani utalala kitandani kwako na kula chakula chako. Lakini nyumba zetu za ugenini mara nyingi hazina shangazi chumba cha pili wala jirani wa kugongewa usiku. Mimi nilipopewa hiari hiyo kwa mtoto wangu wa pili, nilichagua kulazwa: mume wangu alikuwa na zamu ya usiku na hatukuwa na ndugu karibu. Shoga yangu, ambaye dada yake alikuwa naye na gari lipo mlangoni, alirudi kwake. Kila mmoja alipima hali yake.

Kabla ya kukubali, jiulize: nani atakuwa nami usiku kucha? Nitafikaje hospitali saa tisa za usiku? Watoto wakubwa nitamwachia nani? Je, naweza kueleza hali yangu kwa Kiingereza kwenye simu? Kama huwezi, mwambie mkunga mapema. Mkalimani wa NHS ni bure, na si haki kumbebesha mtoto wako kazi hiyo.

Ukirudi nyumbani, piga simu wodi ya uzazi mara moja chupa ikipasuka, ukitokwa damu, ukipata homa, uchungu ukiwa mkali au wa mfululizo, dawa au kiputo kikitoka, au mtoto akipunguza kucheza. Usisubiri kupambazuke, wala usione haya kupiga mara ya pili.

Na ukiwa nyumbani ukaingiwa na hofu, unaweza kubadili nia na kuomba kurudi. Hiyo ni haki yako, dada, wala humsumbui mtu.