SIMU SHULENI: TUSIMFUKUZE MTOTO

Mkulima wa Mvumi, wilayani Kilosa, akinunua simu, ni gunia la mahindi limekwenda. Simu hiyo ni ya nyumba nzima. Mwanawe akiichukua kwenda nayo shuleni anavunja sheria, wala hatumtetei. Serikali imekataza wanafunzi kuwa na simu shuleni, na sababu tunazijua: masomo huachwa, na wako watu wazima wasio na haya wanaowanasa wasichana kwa zawadi ya simu. Katazo hilo tunaliunga mkono.

Lakini kumfukuza mtoto kwa kosa hilo, au kuivunja simu ya baba yake mstarini, hatukubali hata kidogo. Mwalimu aizuie simu, amwite mzazi, amkabidhi. Basi.

Tena liko jambo kubwa zaidi. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba mtandao. Mtoto wa tajiri wa mjini akirudi nyumbani anavifungua. Wa Mvumi atavisomea wapi? Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu kama milioni 2 walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Walisikiliza pamoja, si kila mtu na redio yake. Shule ya kijiji nayo ipewe vyombo vyake, vikae mikononi mwa walimu, vitumike darasani. Wanachama wa Mvumi waliulize jambo hili katika mkutano wa kijiji, na diwani awajibu pale pale.